Fedha zimerudi, shamba liko wapi?

JIONI moja ya mwezi wa Julai binti yangu mwenye umri wa miaka 12 alinijia barazani, akasimama kimya kando ya kiti changu kama afanyavyo anapokuwa na shauri zito. Nikamwuliza kulikoni. "Baba," akasema, "shamba langu halipo."

Sisi hatuna shamba. Tunakaa katika nyumba ya kupanga, vyumba vitatu, na uwanja wenyewe hautoshi kuanika nguo za familia mbili kwa siku moja. Shamba alilolitaja lilikuwa ndani ya mchezo wa kompyuta, ile michezo ambayo vijana wetu huiita gemu. Kwa muda wa miezi mitatu, kila alipokwisha kudurusu masomo yake na kuosha vyombo, alipewa nusu saa ya kucheza. Katika nusu saa hizo alifyeka pori, akapanda, akachimba kisima, akafuga kuku na ng'ombe wawili ambao aliwapa majina ya shangazi zake, jambo ambalo hatukuwaambia shangazi wenyewe. Wenzake wanne wa darasani walikuwa na mashamba yao jirani na lake, wakikopeshana mbegu.

Kisa chenyewe nilikianzisha mimi. Niliponunua mchezo huo, kadi yangu ya benki ilikatwa mara mbili, nami sikutambua mpaka nilipokuja kupitia hesabu zangu. Nikaiandikia kampuni iliyouza, nikaeleza kosa. Baada ya siku tisa fedha za malipo ya pili zilirudi. Lakini mtambo wao, uliporudisha bei, ulihesabu kwamba mchezo wenyewe umerejeshwa dukani, ukafuta ruhusa ya kuucheza. Nililalamika, na siku ya pili wakanifungulia mchezo upya. Mlango ulifunguka, lakini ndani hamkuwa na kitu: pori tupu, mchezaji mpya, siku ya kwanza. Barua yao ya mwisho iliandikwa kwa adabu sana. Ilisema fedha zimerejeshwa kwa ukamilifu na kwa hiyo shauri limefungwa.

Sitaitaja kampuni hiyo, kwa kuwa bado tunaandikiana, na kwa kuwa si hiyo peke yake yenye mwenendo huo. Ila swali lililozuka nyumbani kwangu linastahili kuulizwa hadharani. Mtu anaporudishiwa fedha za mchezo, je, kampuni inayo haki ya kuifuta kazi aliyokwisha kuifanya humo? Au inao wajibu wa kumtunzia?

Wapo watakaocheka. Mzee mmoja wa mtaani kwetu aliposikia habari hii alisema tunalilia mahindi ya kwenye kioo. Sikumlaumu. Mimi mwenyewe nilicheka kidogo siku ile ya kwanza, mpaka nilipopiga hesabu ya nusu saa zile nikaona zimetimia saa 40 na zaidi, yaani juma zima la kazi la mtu mzima.

AKIBA NI NINI

Tuanze kwa kueleza kitu chenyewe. Michezo mingi ya siku hizi haimalizwi kwa mkao mmoja. Mchezaji hucheza, akasimama, akarudi kesho na kuendelea alipoachia. Ili jambo hilo liwezekane, mashine huandika kumbukumbu ya hatua aliyofikia. Vijana husema "kusevu". Katika makala haya nitaiita akiba ya mchezo.

Akiba hiyo si picha ya shamba wala ya ng'ombe. Ni orodha tu: mchezaji yuko mahali gani, ana nini mkononi, amemaliza kazi zipi, amebakiza zipi. Ni kitu kidogo mno. Kadi ya kumbukumbu ya PlayStation ya kwanza, mashine iliyotoka Japani mwezi Desemba 1994, ilikuwa na nafasi ya kilobaiti 128 tu, iliyogawanywa katika visehemu 15, na watu walitunza humo michezo waliyoicheza kwa miezi. Picha moja inayopigwa na simu ya leo yaweza kuzidi nafasi hiyo yote mara kumi na ushei. Akiba za siku hizi zimenenepa kuliko za zamani, lakini hata hivyo kampuni isituambie kwamba ghala limejaa.

Zamani akiba ilikaa kwa mwenyewe. Katika miaka ya 1980 baadhi ya michezo ilimpa mchezaji neno la siri refu, lenye herufi na tarakimu, naye akalinakili katika daftari; siku ya pili akaliingiza katika mashine na kuendelea. Kisha yakaja makasha ya plastiki yenye betri ndogo ndani, ambayo huiweka hai kumbukumbu hata mashine ikizimwa. Mojawapo lilikuwa la The Legend of Zelda, ambalo Nintendo ililiuza Marekani mwaka 1987. Hapo, ni kweli, ukiliuza kasha lako au ukilirudisha dukani, akiba ilikwenda nalo. Lakini ulilibeba kwa mkono wako mwenyewe, ukijua unachokitoa. Baadaye ikaja ile kadi ya kumbukumbu, ambayo mtoto aliitia mfukoni akaenda nayo kwa rafiki yake.

Mabadiliko makubwa yalikuja pale kampuni zilipoanza kutunza akiba hizo katika kompyuta zao kubwa, zinazoitwa seva. Duka la Steam, mali ya kampuni ya Valve ya Marekani, lilianza huduma ya namna hiyo mwaka 2008. Watu huiita hifadhi ya winguni, ingawa hakuna wingu lolote. Kuna majengo yenye umeme na viyoyozi. Faida yake haina ubishi: kompyuta ikiungua, akiba ipo. Hasara yake ni kwamba ufunguo wa sanduku umehamia kwa mwingine.

Hata hivyo kwa wengi wanaocheza katika kompyuta au mashine ya nyumbani, nakala moja hubaki palepale nyumbani, na mtu akirudishiwa fedha, kwa kawaida nakala hiyo haiguswi. Taabu iko katika michezo ambayo akiba yake yote iko ng'ambo. Na michezo ya namna hiyo inazidi kuongezeka kila mwaka.

SAA ELFU SITA

Mfano ulio wazi kupita yote ni ule wa Stadia. Tarehe 19 Novemba 2019 kampuni ya Google ilifungua huduma hiyo, ambayo ndani yake mchezo haukukaa nyumbani kabisa. Uliendeshwa katika kompyuta za Google, na mteja akaletewa picha tu kwa njia ya intaneti, kama vile televisheni inavyotuletea mpira unaochezwa mji mwingine. Mteja alinunua mchezo kwa bei kamili, lakini hakuwa na chochote nyumbani isipokuwa pedi ya kuchezea. Akiba yake ilikuwa kwa Google.

Tarehe 29 Septemba 2022 Google ilitangaza kwamba huduma hiyo itafungwa, na tarehe 18 Januari 2023 ikafungwa kweli. Katika jambo la fedha, lazima tuwape haki yao: waliamua kurudisha bei ya michezo yote iliyonunuliwa katika duka la Stadia, pamoja na vifaa vilivyonunuliwa katika duka la Google. Ada za kila mwezi hazikurudishwa, lakini mtu aliyenunua mchezo miaka mitatu kabla, akaucheza mpaka ukamchosha, alirudishiwa bei yake. Ni nadra mfanyabiashara kutenda hivyo.

Lakini siku ile ile ya tangazo kelele zilianza, wala hazikuwa za fedha. Mchezaji mmoja wa Red Dead Online, mchezo wa kampuni ya Rockstar unaohusu wapanda farasi wa Marekani ya zamani, aliomba hadharani asaidiwe kumhamisha mhusika wake kwenda mashine nyingine. Alikuwa amecheza kwa karibu saa 6,000. Tuzipime kwa kipimo tunachokijua sisi tunaofanya kazi kwa saa: saa 8 kwa siku ni siku 750, kwa mfanyakazi anayepumzika Jumamosi na Jumapili, hiyo ni kama miaka mitatu ya kazi. Tunaweza kubishana kama ni busara mtu kuitumia miaka mitatu hivyo. Mimi nina maoni yangu juu ya hilo. Lakini hatuwezi kusema kwamba bei ya mchezo ilipomrudia mkononi, basi amelipwa kila kilichopotea.

Yaliyofuata yanafundisha mengi, maana kila kampuni ilifanya lake. Google iliruhusu wateja kupakua akiba zao wenyewe kabla ya mlango kufungwa, ingawa faili nyingine hazikuwa na maana nje ya Stadia. CD Projekt ya Poland, watengenezaji wa Cyberpunk 2077, walitoa maelekezo ya kuhamisha akiba kwenda kwenye kompyuta. Ubisoft ya Ufaransa iliwapa waliokuwa wamenunua michezo yake nakala za kuchezea katika kompyuta. Wachezaji wa Destiny 2 hawakuwa na wasiwasi, kwani kampuni ya Bungie ilikwisha kuunganisha akiba za mashine mbalimbali tangu mwaka 2019. Na Rockstar nao, baada ya kelele zile, walifungua njia ya kuhamisha mhusika wa Red Dead Online.

Basi hapana atakayetuambia kwamba jambo hili haliwezekani. Palipokuwa na nia, mafundi walipata njia ndani ya miezi michache. Lakini mteja hakuwa na haki yoyote ya kudai. Aliyepata, alipata kwa hisani ya kampuni fulani, na aliyekosa hakuwa na pa kwenda.

MATEKA

Kuna kisa kingine ambacho kwa sisi wazazi ni kizito kuliko cha Stadia. Mwezi Desemba 2022 Tume ya Shirikisho ya Biashara ya Marekani ilitangaza kwamba kampuni ya Epic Games, wenye mchezo wa Fortnite ambao hapana mtoto wa mjini asiyeujua, itatoa dola milioni 245 za kuwarudishia wateja. Madai ya Tume yalikuwa kwamba vitufe vya mchezo huo vilipangwa kiasi kwamba mtu aliweza kununua kitu kwa kubonyeza mara moja bila kukusudia, na kwamba watoto walitumia kadi za wazazi wao bila ridhaa ya wenye kadi.

Hilo wengi wanalikumbuka. Dai la pili halikupigiwa mbiu sana. Tume ilisema kwamba mteja aliyekwenda kwa benki yake kupinga malipo ambayo hakuyaidhinisha alifungiwa akaunti yake yote na Epic, na vitu vyote alivyokwisha kuvinunua kihalali humo vikawa haviguswi tena. Amri iliyokamilishwa mwezi Machi 2023 inaikataza kampuni hiyo kumfungia mteja akaunti kwa sababu tu amepinga malipo yasiyo halali. Malipo ya kwanza kwa wateja, dola milioni 72, yalianza kutolewa Desemba 2024.

Hapa ndipo ninapoona kiini cha shauri lote. Mzazi amekatwa fedha isivyo haki. Sheria inampa haki ya kuzidai. Lakini anajua kwamba akizidai, mtoto wake atapoteza kila alichokijenga kwa mwaka mzima, na atalia, na nyumba haitalalika. Wangapi wataamua kunyamaza? Kampuni haikuhitaji kumkatalia haki yake. Ilimshika mtoto wake mkono tu, kwa upole, na kungoja. Akiba inapofutwa pamoja na marejesho, inageuka kuwa mateka, na haki ya kurudishiwa fedha hubaki katika karatasi. Ndiyo maana nasema kwamba swali la akiba si la watoto wala si la mchezo. Ni sehemu ya ile haki yenyewe ya mnunuzi.

Mimi binafsi, kama ningejua kwamba fedha zangu za kukatwa mara mbili zitarudi kwa gharama ya shamba lile, ningeziacha. Nakiri. Na kampuni ile ingebaki nazo kwa amani.

HOJA ZA KAMPUNI

Haifai kuwahukumu watu bila kuwasikiliza. Kampuni zina hoja zao, na baadhi ni za haki.

Ya kwanza ni ya udanganyifu. Tangu Juni 2015 Steam humrudishia fedha mnunuzi yeyote anayeomba ndani ya siku 14, mradi hajacheza zaidi ya saa 2. (Mwaka uliofuata, Desemba 2016, mahakama ya Australia iliitoza Valve faini ya dola milioni 3 za nchi hiyo kwa kuwaambia wateja wa huko hapo awali kwamba hawana haki ya kurudishiwa, kwa hiyo tusidhani kila jema hutoka kwa moyo mweupe.) Utaratibu huo una waathirika wake. Emika Games, mtengenezaji wa mchezo mfupi uitwao Summer of '58, alitangaza Agosti 2021 kwamba anaacha kazi hiyo kwa muda usiojulikana, kwa sababu watu wengi waliumaliza mchezo wake kabla ya saa 2 kutimia, kisha wakadai fedha zao. Hayo ni maumivu ya kweli. Mtu amepika, wageni wamekula, wakarudishiwa nauli.

Lakini tutazame vizuri. Je, kufuta akiba kungemsaidia mtengenezaji yule? La hasha. Aliyekwisha kuumaliza mchezo hana haja na akiba, hatarudi. Anayeihitaji ni yule anayekusudia kurudi na kununua tena: aliyekosewa hesabu kama mimi, aliyeurudisha mchezo kwa kuwa ulikuwa na kasoro, au aliyeona bei imeshuka siku ya pili. Kuhusu huyo wa mwisho, kanuni za Steam zenyewe zinasema waziwazi kwamba kurudisha mchezo ulionunuliwa muda mfupi kabla ya punguzo, kisha kuununua tena kwa bei ya punguzo, si udanganyifu. Basi kuitunza akiba ni kumvuta mteja arudi, na kuifuta ni kumfukuza yule yule aliyekuwa tayari kulipa.

Ya pili ni ya vitu vinavyonunuliwa ndani ya mchezo. Aliyenunua upanga kwa dola tano, akarudishiwa dola tano, asibaki na upanga. Hili silipingi hata kidogo. Upanga urudi. Lakini mlima aliopanda akiwa na upanga huo, miezi aliyojifunza kuutumia, na vitu vingine alivyovilipia kihalali havikununuliwa kwa dola tano zile. Fundi cherehani akirudisha kitambaa kwa muuzaji, muuzaji hana sababu ya kuchukua na vipimo alivyoviandika fundi katika daftari lake.

Ya tatu ni kwamba wakati mwingine hakuna pa kurudi. Kampuni ya Sony ilitoa mchezo uitwao Concord tarehe 23 Agosti 2024, wanunuzi wakawa wachache mno, na tarehe 6 Septemba ukafungwa, kila mnunuzi akarudishiwa fedha zake. Akiba ya mchezo uliokufa ni ufunguo wa nyumba iliyobomolewa. Hapo sidai kitu.

Iko hoja ya nne, na hiyo ndiyo iliyonipa taabu. Akiba ya mtoto ni habari za mtoto. Inaonyesha alicheza saa ngapi, usiku au mchana, na nani, na wakati mwingine alisema nini. Je, tunataka kampuni ya ng'ambo ikae na habari hizo baada ya biashara kwisha? Nchini Tanzania tunayo Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022, iliyoanza kutumika tarehe 1 Mei 2023. Kenya ilitunga yake mwaka 2019. Na zote zinataka taarifa za mtu zisitunzwe kupita muda wa haja yake. Kampuni ikisema inafuta kwa ajili ya usiri wa mteja, inasema jambo lenye uzito. Ila mbona haikuniuliza? Mwenye habari ndiye angesema zitunzwe au zifutwe. Barua ya mistari miwili ingetosha.

SHERIA YA ULAYA

Nchi za Umoja wa Ulaya zimelikaribia jambo hili kuliko wengine. Agizo lao namba 770 la mwaka 2019, lililoanza kutumika tarehe 1 Januari 2022, linahusu mauzo ya vitu vya kidijitali. Ibara yake ya 16 inasema kwamba mkataba ukivunjwa, mteja akiomba, muuzaji ampe kile ambacho mteja mwenyewe alikiingiza au kukiunda alipokuwa akitumia bidhaa hiyo, bila gharama, katika muda wa kuridhisha, na kwa namna inayosomeka na mashine.

Niliposoma hapo nilifurahi. Kisha nikaendelea kusoma. Muuzaji halazimiki kutoa kitu ambacho hakina faida nje ya bidhaa ile ile, wala kitu kinachohusu tu mwenendo wa mteja alipokuwa akiitumia. Na akiba ya mchezo ni nini, kama si kumbukumbu ya mwenendo wa mchezaji, isiyo na faida nje ya mchezo wenyewe? Kwa hiyo picha uliyoichora kwa programu ya kompyuta unarudishiwa, lakini shamba ulilolilima ndani ya mchezo huenda usirudishiwe. Sioni tofauti ya haki kati ya hivyo viwili. Mtoto aliyepanga mitaro, vichaka na njia za shamba lake kwa miezi mitatu ameunda kitu, sawa na aliyechora. Tena agizo hilo linazungumzia kumpa mteja nakala, wala halizungumzii kumtunzia mahali pake mpaka arudi, na hilo la pili ndilo lenye manufaa zaidi kwake.

MUDA GANI?

Tukikubali kwamba akiba itunzwe, itunzwe kwa muda gani? Nintendo inao mfano. Mteja wao akiacha kulipa ada ya uanachama, akiba yake ya winguni hutunzwa kwa siku 180, naye akilipa tena ndani ya muda huo anaikuta. Hilo si marejesho ya fedha, lakini ni jirani yake.

Siku 180 zinatosha? Nadhani hapana, na ushahidi wangu ni Cyberpunk 2077. Mchezo huo ulitoka tarehe 10 Desemba 2020 ukiwa na kasoro nyingi, hasa katika mashine za PlayStation 4. Tarehe 18 Desemba Sony ikauondoa dukani kwake na kuahidi kumrudishia fedha kila aliyetaka. Ulirudi dukani tarehe 21 Juni 2021. Hesabu mwenyewe: ni siku 185. Mteja mwungwana aliyerudishiwa fedha zake mwanzoni, akangoja mchezo utengenezwe ili anunue tena, angekuta siku 180 zimepita. Kwa bahati yake akiba za mchezo ule zilikaa ndani ya mashine yake nyumbani.

Wakati mwingine, kinyume chake, mambo hugeuka kwa siku chache. Tarehe 3 Mei 2024 ilitangazwa kwamba wachezaji wa Helldivers 2 wanaotumia kompyuta watalazimika kuwa na akaunti ya PlayStation. Akaunti hiyo haikuwa ikitolewa rasmi katika nchi zaidi ya 170, Tanzania na Kenya zikiwa miongoni mwao, na mchezo ukaondolewa sokoni katika nchi hizo. Steam ikaanza kuwarudishia fedha hata baadhi ya watu waliokwisha kucheza kwa makumi ya saa. Siku tatu baada ya tangazo, Sony ikaufuta uamuzi wake. Fikiria kijana aliyedai fedha zake Jumamosi kwa hasira, na Jumatatu akasikia kwamba sababu ya hasira yake imeondoka.

Mimi ningetaka mwaka mmoja. Katika mwaka huo kampuni isiiguse akiba, isiitumie kwa biashara yake nyingine, na imwandikie mteja kabla ya siku ya kufuta. Mteja akitaka ifutwe mapema, ifutwe siku hiyo hiyo. Na zaidi ya yote, habari hizi ziandikwe pale penye kitufe cha kuomba marejesho, kwa herufi zinazosomeka, kabla mtu hajakibonyeza. Mimi sikuambiwa neno.

Kwa sasa, mzazi unayefikiria kudai fedha za mchezo, fanya mambo haya kwanza. Uliza kama akiba iko katika kompyuta ya nyumbani au kwa kampuni. Mtoto wako aghalabu anajua. Ikiwa iko nyumbani, nakili lile faili katika kifaa kingine. Ikiwa iko kwa kampuni, waandikie na kuwauliza itakuwaje, nawe ulitunze jibu lao. Na usikimbilie benki kupinga malipo kabla hujazungumza na muuzaji mwenyewe, maana hapo ndipo akaunti nyingi hufungwa zima zima.

Binti yangu ameanza kulima tena, kwa shingo upande. Wenzake walimpa mbegu. Mimi niliituma barua yangu ya tatu siku ya Ijumaa, na safari hii nimeuliza jambo moja tu: kampuni za namna hii huweka nakala za tahadhari za seva zao, je, nakala ya mwezi Juni bado ipo, au nayo imefutwa? Wakijibu, nitawaarifu wasomaji katika ukurasa huu huu.